Pati Kali ya Saa Nne Asubuhi

Vijana wa kazi hii huniuliza swali moja, na huliuliza kwa haraka, simu mkononi, mteja akingoja upande wa pili: "Mzee Ouma, sebule iko na jua mingi, nimwekee projekta ama TV?" Wanataka neno moja. Nimefunga vyombo vya kuonyesha picha tangu nikiwa na nywele zangu zote, kutoka Kedowa mpaka Kaplong, na hilo neno moja sina. Nikitaka kusema TV, nakumbuka kisa cha Kogo wa Roret, nasita. Nikitaka kusema projekta, nakumbuka kisa hicho hicho, nasita zaidi. Kwa hivyo kaeni niwaeleze, kisha mtaamua kama ni mzee aliyechanganyikiwa au ni kazi yenyewe iko hivyo.

Tuanze na yale ambayo hayana ubishi. Projekta haina rangi nyeusi. Liwekeni hilo kichwani kabla ya mengine yote. Inarusha mwanga tu, haiwezi kurusha giza. Ule weusi unaouona kwenye picha, nywele za mtu, suti ya mchungaji, ni giza la ukuta wako mwenyewe. Ukuta ukipigwa na jua, suti ya mchungaji inakuwa nyeupe, na mchungaji anayeyuka. Nambari kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haitakuokoa, maana jua halisomi boksi.

TV nayo ina mwanga wake, haiogopi mchana, lakini ina kioo, na kioo kina tabia zake. Nilifunga TV moja kwenye hoteli ya Kedowa, nikaielekeza dirishani kwa sababu soketi ilikuwa upande huo. Jumamosi wateja wakaja kutazama mpira. Walichokiona ni barabara: malori, watu wa viazi, ng'ombe wawili wakipita. Mzee mmoja alimaliza chapati zake na kuuliza kwa nini refa hafukuzi hao ng'ombe. Tangu siku hiyo naweka TV kwenye ukuta wa pembeni, dirisha likiwa ubavuni, si mbele wala nyuma, hata kama nitavuta waya kuzunguka nyumba nzima.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, mtu wa kutoka magharibi kama wazazi wangu. Baba yangu alikuja huku kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, mimi nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, na Mzee Barasa ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema katika ukumbi wa wafanyakazi. Jumamosi mchana tulikuwa tunaziba madirisha kwa magunia. Siku yangu ya kwanza nilisimama karibu na mashine tangu mwanzo hadi mwisho, nikiona fahari. Tulipomaliza akaniuliza mtu aliyekaa benchi la mwisho aliona nini. Sikujua. Akasema, "Wewe ulikuwa unaangalia mashine. Mteja haangalii mashine."

Kutoka hapo alinipa sheria moja, na nawapa nyinyi bila malipo: chai kwanza, ukuta baadaye. Maana yake ni kwamba hufungui boksi lolote kabla hujakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, saa ile ile ambayo atakuwa akitazama, ukanywa kikombe kizima cha chai polepole. Kikombe kikiisha utakuwa umejua jua linaingilia wapi, linaelekea wapi, nani anakaa wapi, na nani haoni vizuri. Kwenye nyumba za Wakipsigis, wenyeji wa huku, sheria hii ni rahisi kuifuata, kwa sababu hata ukikataa chai utapewa, na ukikataa mara ya pili utaletewa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu.

Haya yote niliyajua. Mnisikie vizuri: niliyajua yote.

Sasa simu. Mwalimu mmoja wa Roret, Mwalimu Kiplangat, alinipigia siku ya Jumanne. Ndugu yake mdogo, Kibet, anaishi Uingereza na mke wake, na walikuwa wamepata mtoto wa kike. Mama yao, ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya, alitaka kumwona mjukuu na kumpa jina. Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa akina mama wa boma huita majina ya wazee waliotangulia, moja moja, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Kwa kawaida mtoto huwa mikononi mwao. Huyu alikuwa ng'ambo, na macho ya Kogo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwenye simu ya mkononi hakuona kitu. Daktari alikuwa amemwambia asichelewe kutazama anachotaka kutazama.

"Fundi, tunataka hiyo ya kuonyesha kwa ukuta, kubwa kabisa," Mwalimu akasema. "Lakini ujue kuna pati hapo juu."

"Pati kubwa?" nikauliza.

"Kubwa sana. Ni Mama mwenyewe alitaka. Hakuna mtu anaweza kumwambia atoe."

"Itakuwa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi ndio inakuwa kali kabisa."

Nilikaa na simu sikioni nikishangaa. Nawajua hawa watu, ni Wakristo wa kuamka mapema, na pati yao ni chai, mikate na maombi marefu. Pati kali saa nne asubuhi, tena huko juu kilimani, ilikuwa ngeni kwangu. Lakini nani amkataze nyanya kufurahia mjukuu? Nikajiambia watu watakuwa wengi, TV haitatosha, nipeleke projekta na zile spika zangu za harusi. Sikwenda kunywa chai. Nilikuwa na kazi nyingine Bomet wiki hiyo, nikaona nimeshaelewa.

Mmeshajua nilipokosea? Nimeishi na Wakipsigis maisha yangu yote na bado nilinaswa. Kwa wengi wao *b* na *p* hulala kitanda kimoja. Mwalimu hakusema pati. Alisema bati.

Msimcheke Mwalimu, maana na mimi nina yangu. Ulimi wetu sisi watu wa ziwani haupendi *z*. Mama mmoja wa Kedowa, aliyeolewa kutoka Ukambani, nilimwambia "sima kwanza," nikitaka azime TV yake. Akaenda jikoni, na baada ya nusu saa akaniletea sima, yaani ugali, na maharagwe. Nilikula, nikashukuru, nikaizima mwenyewe.

Jumamosi nilifika kwa Kogo saa tatu na nusu. Hakukuwa na umati wowote. Kulikuwa na Kogo, Mwalimu, na akina mama wanne, mmoja wao akiwa wifi yake Kogo, mwanamke mrefu anayeitwa Bot Rono. Niliingia sebuleni nikasimama. Katikati ya paa, juu kabisa ya makochi, kulikuwa na bati la plastiki linalopitisha mwanga, pana, na dari ilikuwa imekatwa ili lisizibwe. Jua lilikuwa linamwagika ndani mpaka vitambaa vya makochi vilikuwa vikiumiza macho.

"Si nilikuambia kuna pati," Mwalimu akasema, akionyesha juu kwa kidole.

Nilitaka kukaa chini. Kogo akaniletea chai kabla sijasema neno, na nikainywa ikiwa imechelewa kwa siku nne. Nikamwuliza kwa nini aliweka bati la namna hiyo. Akanieleza kwamba alipoolewa alikaa nyumba ya mama mkwe wake, Tapkigen, miaka mingi, na nyumba hiyo ilikuwa na dirisha moja dogo tu. Tapkigen alikuwa mkali. Alikuwa akionja chai ya Kogo, anairudisha sufuriani, anasema haina mkono. Kogo alipika, akanyonyesha na kulia humo gizani, akaapa kwamba siku atakapopata nyumba yake, jua litaingia mpaka chini ya kochi. "Na sasa linaingia," akasema.

Nikawasha projekta hata hivyo. Tulichokiona ukutani ni ukuta. Nikiweka kiganja karibu kupunguza mwanga, kivuli cha kitu fulani kilionekana, na Kogo akauliza kama hilo ni sikio la mtoto. Lilikuwa neno "karibu" la mashine yenyewe.

Tukajadiliana. Mwalimu akashauri tungoje saa nane, kwa sababu huku kwetu mvua ya mchana haikosi, na wingu likija chumba kitapoa mwanga. Wazo hilo nililipenda sana, mpaka Bot Rono aliposema, "Na mvua ikipiga mabati, huyo mtoto mtamsikia na nini?" Alisema kweli. Jua likiwaka tungesikia bila kuona, mvua ikinyesha tungeona bila kusikia. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kufungiwa njia zote mbili na hali ya hewa.

Basi tukatafuta giza. Akina mama wakaleta blanketi za madirisha. Mwalimu akapanda ngazi mwenyewe, akatandaza juu ya bati zile aproni nzito za plastiki ambazo watu huvaa wakichuma chai, akaziwekea mawe. Nyumba ikazima. Nikapiga Uingereza kwa video kutoka simu yangu, na ukutani akatokea mtoto, mkubwa kuliko ndama, mashavu yote mawili, ngumi mdomoni. Chepkorir, mke wa Kibet, alikuwa amempakata. Kogo akasogea na kiti chake mpaka mguu wa projekta, na nilimwona anapanguza macho kwa pembe ya leso. Nilijiona fundi.

Halafu Kibet akasema, "Mama, mko wapi? Huku tunaona giza tu."

"Tuko hapa," Kogo akasema.

"Hatuwaoni. Mtoto anaangalia simu nyeusi."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo Mzee Barasa hakuwahi kunifundisha, kwa sababu wakati wake sinema haikuwa na macho. Picha ya siku hizi ina pande mbili. Nilikuwa nimewaza nani anatazama, sikuwaza nani anatazamwa.

Kogo alitazama huku na huku katika ile sebule yake. "Mmerudisha nyumba ya Tapkigen," akasema. Hakupaza sauti. "Toeni."

"Kogo, tukitoa hutamwona mtoto," nikamwambia.

"Nimemwona. Sasa yeye anione. Mtu hawezi kuitwa na giza."

Akainuka, akavuta blanketi la kwanza mwenyewe. Mwalimu akapanda tena juu kushusha aproni. Jua likarudi, mtoto akafutika ukutani, na kwenye spika Kibet akasema, "Hapo sasa. Mama, umevaa ile kofia nilikutumia." Kogo akashika kofia yake akacheka, akiutazama ukuta mtupu.

Wakaomba kwanza. Kisha wakaanza kuita majina. Tabutany, kimya. Tamining, kimya. Bot Rono alitaja shangazi wawili, kimya. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika, nikishikilia waya uliokuwa umelegea. Kogo alikuwa ameita wote isipokuwa mmoja, na kila mtu pale alimjua ni nani. Basi Bot Rono, ambaye Tapkigen alikuwa mama yake mzazi, akamwita yeye: "Tapkigen."

Chafya ikalipuka kwenye spika.

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Sauti ya Chepkorir ilisikika ikisema "hapana, ngojeni," au nilidhani hivyo, kisha mtandao ukakatika na hatukuwapata tena siku hiyo. Bot Rono alikuwa akicheza. Mama yake alikuwa amerudi. Kogo alikaa kwenye kochi, jua likimwangukia kichwani, akasema kwa sauti ndogo, "Kati ya wote." Nilikusanya vyombo vyangu bila kuangalia watu usoni.

Wiki ile sikulala vizuri. Mwanamke ameomba mwanga miaka yote, amemwona mjukuu kwa dakika mbili, na sasa kila atakapomwita atakuwa anamwita mama mkwe. Na mimi ndiye niliyempeleka hapo kwa sababu sikunywa chai.

Nikampigia Mwalimu, nikamwambia nitaleta TV na kazi yangu sitatoza. Jumamosi iliyofuata nilifika saa nne kasoro, nikakaa kwenye kiti cha Kogo, nikanywa vikombe viwili. Nikaona jua linapita wapi. Nikafunga TV kwenye ukuta wa pembeni, kioo chake kikiwa kile kisichong'aa, nikaiinamisha kidogo ili bati lisijione ndani yake. Kiti cha Kogo nikakiweka hatua mbili tu, na kamera nikaiweka juu ya TV, ili akimtazama mtoto, mtoto naye aone anatazamwa. Nyumba ilikuwa na mwanga wote. Picha ilikuwa ndogo kuliko ile ya ukutani, lakini ilikuwa na nywele, na nywele zilikuwa nyeusi.

Wakapigiwa simu. Kogo alisogeza uso mpaka karibu pua iguse kioo. Akamsalimu kwa sauti ya mtu anayejilazimisha, "Chamgei, Tapkigen."

Chepkorir akainamisha kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa na kitambaa mkononi. "Mama," akasema, "naomba unisamehe. Ile siku si mtoto alipiga chafya. Ni mimi. Niko na homa ya huku, baridi imeniingia. Nilijaribu kusema lakini mlikuwa mnapiga vigelegele, na nikaogopa."

Bot Rono alinigeukia mimi. "Fundi, si wewe ulikuwa hapo kwa spika? Hukusikia ni chafya ya mtu mzima?"

Niwaambieni ukweli: spika zangu za harusi, hata kuku akikohoa utadhani ni ng'ombe. Nilimwambia sikujua. Na nilikuwa najua vizuri kwamba kama kungekuwa na picha siku ile, hata yule mwenye ukungu machoni angeona nani amepiga chafya. Chafya ya Chepkorir ilikuwa imehesabiwa kuwa ya mtoto wiki nzima kwa sababu ya ukuta wenye jua.

Kogo alivuta pumzi, na nikaona mabega yake yanashuka. Alikuwa amefunguliwa. Akasema, "Tuanze upya."

Akaita yeye mwenyewe. Tabutany. Mtoto alikuwa anamtazama tu. Tamining. Anamtazama. Wale shangazi wawili. Mtoto akapiga miayo. Bot Rono alifumba mdomo, hakutaka kusema kitu, na nadhani kwake hiyo ilikuwa kazi kubwa. Majina yakaisha. Kogo na mtoto walikuwa wakitazamana kwenye mwanga ule wote, na mtoto hakuondoa macho.

"Si uache tu, Mama," Mwalimu akasema. "Tutajaribu siku nyingine."

Kogo akatikisa kichwa. Kisha akaita, polepole, jina ambalo wiki iliyotangulia alimwachia wifi yake: "Tapkigen."

Uso wa mtoto ukakunjamana. Pua ikapanda. Sote tuliona, hata Kogo aliona, kwa sababu aliinua kidole kabla ya sauti kufika. Ilikuwa chafya ndogo sana, na Chepkorir alikuwa amefumba mdomo wake kwa kitambaa, akitoa macho.

Sasa niambieni nyinyi wenye simu na haraka. Projekta ilikosea kila kitu ikatoa jina la kweli. TV ilipatia kila kitu ikatoa jina lile lile. Nikisema TV ndiyo bora, mtaniuliza ilibadilisha nini. Nikisema yote yalikuwa mamoja, basi sikuona nilichokiona pale. Nimeligeuza jambo hili mpaka nimechoka, na ndiyo maana mkiniuliza huwa nawaambia mwende mkanywe chai kwanza.

Siku ile vigelegele vilipotulia, wengine walitoka nje kupika. Mimi nilibaki nikifunga waya wa mwisho nyuma ya TV, na Kogo hakujua kuwa bado niko. Alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kioo, juu ya lile shavu dogo.

"Karibu, Mama," alimwambia. "Ona, hii nyumba yangu iko na mwanga."